Motokaa Moja, Matajiri Kumi na Mmoja, na Fundi Asiye na Hati



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona karatasi ya chama ikizungumza habari za motokaa ya fahari ya Kiingereza. Mtauliza: sisi wa Sirisia, wakata miwa, madereva wa trakta, mafundi wa gereji, wapima mizani na makarani, tuna nini na motokaa ya viti viwili, isiyo na paa, isiyoweza kubeba hata magunia mawili ya mahindi?

Jibu letu ni fupi. Motokaa hiyo yaitwa MG, na tangu ilipozaliwa mpaka leo imepita katika mikono ya matajiri kumi na mmoja. Wapendao motokaa hulisoma jina la kila tajiri kama watu wasomavyo orodha ya wafalme. Lakini katika orodha hiyo jina la fundi aliyeikaza nati halimo. Nasi twasema kwamba kiwanda kinapobadilishwa mkono, mfanyakazi asiye na neno lililoandikwa katika mapatano huhesabiwa pamoja na vyuma vikuukuu. Jambo hilo lilitokea Uingereza, lilitokea Webuye, na laweza kutokea mlangoni pa kila mmoja wetu. Kwa sababu hiyo twaomba mtusomee mpaka mwisho.

UZURI WAKE ULITOKA WAPI

Kwanza tuseme kweli. Motokaa hii ni nzuri, wala hatumlaumu mtu aipendaye. Imeinama chini karibu na barabara, boneti yake ni ndefu, na zile za zamani zilikuwa na magurudumu ya spoki kama ya baiskeli. Dereva hukaa chini kiasi cha kuiona lami ikimkimbilia, na upepo humpiga usoni. Beji yake ina pembe nane. Tena haikuwa motokaa ya mabwana wakubwa peke yao. Ilikuwa rahisi kuliko Jaguar au Aston Martin, na karani au mwalimu wa Uingereza aliyeweka akiba aliweza kuitamani na kuipata.

Wapenzi wake husema siri ya uzuri huo ni damu ya mashindano. Sisi twasema siri ni nyingine. Vyombo vyake vingi vilikuwa vya kawaida kabisa. Chukueni MGB, iliyotengenezwa tangu 1962 mpaka 1980, na ambayo zaidi ya nusu milioni zilitoka. Injini yake ilikuwa ya ukoo mmoja na zile zilizosukuma Austin na Morris za kwendea kazini. Mabodi yake yaliletwa kutoka viwanda vingine. Katika mji mdogo wa Abingdon, karibu na Oxford, hakukuwa na mitambo ya ajabu. Hata ule mkanda wa kuvuta motokaa peke yake, uliokuwa katika viwanda vikubwa, haukuwapo. Mafundi walizisukuma kwa mikono yao kutoka kituo kimoja mpaka kingine, huyu akafunga breki, yule akatia nyaya, mwingine akakaza milango.

Fundi yeyote wa gereji ya jua kali ataelewa mara moja maana ya jambo hili. Vyombo vile vile vya kila siku vikipita katika mikono ya watu wajuao kazi yao, hutoka kitu ambacho watu watakitunza miaka sitini. Basi thamani iliyoongezeka pale Abingdon iliongezwa na mikono. Tajiri alileta chuma na jengo, na ikiwa chuma kile kile kilikuwa ndani ya motokaa ya kawaida, ile tofauti iliyowafanya watu waitamani MG ilikuwa ni kazi.

Kila mwaka huko Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanywa maonyesho ya motokaa za zamani, maonyesho yaliyoanzishwa mwaka 1970. Motokaa husuguliwa mpaka zang'aa kama kioo, na waamuzi huinama kutazama hata chini ya boneti. Tajiri aliyenunua hupewa kikombe. Hatuoni ubaya. Twataka tu watu wakumbuke kwamba wanachokipigia makofi ni kazi ya watu walioachishwa.

ORODHA YA WENYE MALI

Sasa tuitazame hiyo orodha, nasi tutaisoma kwa macho ya mfanyakazi.

Tajiri wa kwanza alikuwa William Morris, ambaye baadaye aliitwa Lord Nuffield. Alikuwa na gereji mjini Oxford zilizoitwa Morris Garages, na herufi mbili za motokaa zatoka hapo. Lakini aliyebuni motokaa yenyewe alikuwa meneja wake, Cecil Kimber, katika miaka ya 1920. Mwaka 1929 kazi ikahamishiwa Abingdon. Mwaka 1935 Morris akaiuza MG kwa kampuni yake nyingine, Morris Motors, yaani alitoa mfuko wa kushoto akatia wa kulia. Kimber hakuwa na hati ya kitu alichokibuni. Mwaka 1941, wakati wa vita, akagombana na wakubwa juu ya kazi aliyoikubali kiwandani bila ruhusa yao, naye akafukuzwa. Mwaka 1945 alikufa katika ajali ya treni, London. Wafanyakazi wenzetu, lishikeni hilo. Ikiwa baba wa motokaa alitolewa nje kama karani wa kibarua, fundi wa spana atarajie nini?

Mwaka 1952 Morris na Austin waliungana, na MG ikawa ya British Motor Corporation. Mwaka 1966 kampuni hiyo ikaungana na Jaguar na kubadili jina. Mwaka 1968 ikamezwa tena, na jitu likazaliwa liitwalo British Leyland. Jitu hilo lilipotaka kuanguka, serikali ya Uingereza ililichukua mwaka 1975. Hao ni wenye mali sita, na mpaka hapo motokaa yatengenezwa Abingdon na watu wale wale, baba na mwana.

Kisha likaja pigo. Mwezi wa Septemba 1979 mji wa Abingdon ulifanya sherehe ya kutimiza miaka 50 ya MG katika mji huo. Bendera zilipandishwa na motokaa zikapita barabarani. Kabla majivuno ya sherehe hayajapoa, Jumatatu tarehe 10 Septemba, British Leyland ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Wakubwa walidai kwamba wapoteza pauni 900 kwa kila MGB iuzwayo Marekani, kwa sababu pauni ilikuwa imepanda nguvu mbele ya dola. Kundi la watu likiongozwa na Aston Martin lilijaribu kununua, likashindwa kupata fedha. Mwezi wa Oktoba 1980 MGB ya mwisho ikatoka, na zaidi ya watu elfu moja wakaenda nyumbani.

Twauliza: ni fundi gani wa Abingdon aliyepandisha nguvu ya pauni? Bei ya fedha huamuliwa na mabenki na serikali. Lakini hasara ya bei ya fedha ilipokuja, hakufungiwa mlango mwenye benki. Alifungiwa mlango mtia nyaya.

Jina lilibaki, kwa maana jina halili wala halidai pensheni. Mwaka 1986 lile jitu likaitwa Rover Group. Mwaka 1988 serikali ikaliuza kwa kampuni ya ndege, British Aerospace, kwa pauni milioni 150. Mwaka 1994 British Aerospace ikauza fungu lake, asilimia 80, kwa BMW ya Ujerumani kwa pauni milioni 800. Haya, mwenye kujua hesabu na atazame nambari hizo mbili, kisha auliza ni kiasi gani cha ile tofauti kilichoingia katika bahasha ya mshahara.

Mwaka 2000 BMW walichoka. Kiwanda kikubwa kilichobaki kilikuwa Longbridge, Birmingham. Maelfu ya watu waliandamana barabarani wakiomba kazi zao ziokolewe. Likatokea kundi la mabwana wanne lililoitwa Phoenix, likanunua kwa pauni 10. Msidhani mashine imekosea kupiga chapa: pauni kumi, bei ya viatu hafifu. Tena BMW wakawapa juu yake mkopo wa mamia ya milioni ili waondoke nayo. Mabwana wale walipokewa langoni kwa shangwe kama waokozi.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa Aprili 2005, kampuni ikaanguka, na zaidi ya wafanyakazi 6,000 wakapoteza kazi. Wachunguzi wa serikali walipotoa ripoti yao mwaka 2009, walionyesha kwamba wale wanne pamoja na mkurugenzi mkuu walikuwa wamejipatia pauni milioni 42 katika mishahara na pensheni. Wafanyakazi waliahidiwa mfuko wa kuwafariji. Mfuko huo ulipofunguliwa, baada ya wanasheria na mabenki kuchukua chao, kilichobaki kingempa kila mtu pauni tatu na ushei. Kikapelekwa kwa hisani, kwa ajili ya watoto wagonjwa. Katika kisa hiki chote hatukuona senti zilizotumiwa vizuri kuliko hizo.

Mwezi wa Julai 2005 kampuni ya Nanjing ya Uchina ilinunua mali, mitambo na jina. Mwaka 2007 Nanjing nayo ikaingia chini ya kampuni kubwa ya Shanghai iitwayo SAIC, ndiyo mwenye mali wa kumi na mmoja. Na leo MG inauzwa duniani kwa mwaka mmoja kuliko Abingdon ilivyouza katika mwaka wake ulio bora. Imerudia hata kuuza motokaa ya viti viwili isiyo na paa, nayo yaenda kwa umeme. Wachina hatuwalaumu. Walinunua kilichowekwa sokoni. Lakini Longbridge kazi ya kuunganisha motokaa ilikoma mwaka 2016. Jina limenawiri, na mikono iliyolipa jina hilo sifa haina kitu.

MANENO YA MATAJIRI NA MAJIBU YETU

Kuna watu watatuambia maneno mawili, na ni vizuri kuyajibu hapa hapa kabla hayajapelekwa sokoni.

La kwanza husema: "Wafanyakazi wa Uingereza walijiua wenyewe kwa migomo." Hatukatai kwamba Longbridge ilikuwa na migomo mingi. Kiongozi wa wafanyakazi wa pale, Derek Robinson, alifukuzwa Novemba 1979. Lakini Abingdon ilisifika kwa utulivu. Wakubwa wenyewe walikuwa wakiitaja kama mfano wa wafanyakazi wema. Basi ikiwa mgomo ndio ugonjwa, mbona alizikwa kwanza aliye mzima? Mwenye kelele alifukuzwa, na wanyamavu walifungiwa kiwanda, yote katika miezi mitatu ya mwaka mmoja. Fadhila ya punda ni mateke, wazee walisema, na utulivu wa mfanyakazi mbele ya tajiri hulipwa fadhila hiyo hiyo.

Twataka kueleweka vizuri hapa. Hatuhubiri kelele. Tunasema kwamba kelele bila karatasi haikusaidia, na utulivu bila karatasi haukusaidia. Na wale walioandamana Birmingham mwaka 2000, walishangilia mnunuzi lakini hawakumfunga. Shangwe si mapatano. Mtu akikubebea mzigo wako ukampigia vigelegele, na hukuandikiana naye, siku atakapoutupa mtoni utamshtaki kwa nini? Kwa vigelegele?

Neno la pili husema: "Kiwanda bila mnunuzi hufa. Mpeni mwekezaji nafasi, mgeni njoo mwenyeji apone." Hilo ni neno zito zaidi, na lina kweli ndani yake. Kiwanda kilichosimama hakilipi mshahara wa mtu. Miwa iliyoiva haingoji mabishano. Hukauka shambani na mkulima hupata hasara pamoja na mkataji. Hatuko kinyume cha fedha mpya wala mitambo mipya. Lakini mgeni anayemponya mwenyeji ni yule aliyekuja kwa hodi, akakaribishwa, akajua nani ni nani ndani ya nyumba. Mgeni aliyepewa funguo usiku na mtu mwingine, huku mwenyeji amelala, huyo tuna jina jingine la kumwita.

HAPA KWETU

Mtu asiseme mambo haya ni ya Wazungu na Wachina. Motokaa za Kiingereza za aina hii zilikuja Kenya pamoja na walowezi na maofisa. Baada ya vita, Uingereza ilihitaji sana fedha za kigeni, na kiwanda kilichouza ng'ambo ndicho kilichopewa chuma kwanza. MG iitwayo TC ilitengenezwa kati ya 1945 na 1949. Zikatoka kama 10,000, na nyingi zikapakiwa melini.

Katika miaka hiyo hiyo, tarehe 10 Februari 1948, polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa hapa Malakisi, na watu 11 wakafa. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Makhan Singh akakamatwa mwaka 1950, hakuachiliwa mpaka 1961. Kubai alifikishwa mahakamani Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia na wenzao, na mawakili wao wakawa wakilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kuwatetea. Hukumu ilitoka tarehe 8 Aprili 1953: kifungo. Kabla miezi miwili haijapita, mwezi wa Mei, motokaa zikafanya mbio za kwanza kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya malkia aliyekuwa akitawazwa London. Mbio hizo ndizo zilizokuja kuitwa Safari Rally.

Hatusemi motokaa ilikuwa na hatia. Twasema tu kwamba katika mwaka ule ule, barabara zile zile, mwenye motokaa alisafishiwa njia, na mtu aliyesema mfanyakazi awe na neno katika kazi yake alitiwa ndani. Wakoloni walikwenda. Lakini je, ule mtindo wa kuamua habari za mfanyakazi bila mfanyakazi, nao ulikwenda?

Kampuni ile ile ya British Leyland iliyoifunga Abingdon ilikuwa na mkono Kenya pia. Katika miaka ya 1970 iliungana na serikali yetu na kujenga kiwanda cha kuunganisha malori na Land Rover mjini Thika, kikaitwa Leyland Kenya. Baadaye jina likaondoka langoni, kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Basi mwenye mali aliyekaa London aliweza kuamua mambo ya Abingdon asubuhi na mambo ya Thika mchana.

Sasa tuje nyumbani zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilianza kazi mwaka 1974. Wenye mali walikuwa serikali, matajiri wa jamaa ya Birla kutoka India, na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Webuye ilikua ikawa mji. Watoto wa Bungoma walisomeshwa kwa mshahara wa karatasi. Mwaka 2009 kiwanda kikasimama chini ya mzigo wa madeni, na zaidi ya watu elfu moja wakakosa kazi. Kikajaribiwa kufunguliwa tena mwaka 2010, kisidumu. Mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900. Anayetaka kujua maana ya kuuzwa kwa kiwanda na apite Webuye, ahesabu maduka yaliyofungwa, kisha awaulize wazee wa pale kama bei ile iliyotangazwa ilikuwa na fungu lao.

Na Kiwanda cha Sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, na ambacho miwa yetu mingi imekwenda huko? Mwezi wa Mei 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya West Kenya kwa muda wa miaka 30, siku zile zile viwanda vya Chemelil, Muhoroni na Sony vilipokodishwa kwa kampuni nyingine. Wakati sahihi zilipotiwa, madai ya wafanyakazi ya mishahara ya nyuma yalikuwa bado hayajamalizwa. Wengine husema kukodisha si kuuza. Ni kweli katika vitabu vya sheria. Lakini mtu wa miaka 35 anayekata miwa leo, kodi ya miaka 30 itakapokwisha atakuwa na miaka 65. Kwake yeye hiyo ni maisha yake yote ya kazi.

Tazameni sasa mfano ulivyo mmoja. Abingdon, sherehe kisha tangazo. Longbridge, shangwe kisha kuanguka. Webuye, kufungwa kisha bei. Nzoia, sahihi kwanza na malipo baadaye. Kila mara, karatasi iliyoandikwa ilikuwa kati ya mwenye mali wa zamani na mwenye mali mpya. Mfanyakazi alijulishwa kwa redio.

SHERIA YASEMA NINI

Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya Abingdon kufungwa, Uingereza ilitunga kanuni kwamba kazi inapohamishwa kutoka tajiri mmoja kwenda kwa mwingine, mkataba wa mfanyakazi nao huhama pamoja na miaka yake ya utumishi. Iliwachelewa watu wa Abingdon, lakini ilikuja, nayo ilikuja kutimiza agizo la Jumuiya ya Ulaya.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 ilipotungwa haikuandika ulinzi wa namna hiyo. Yale iliyoandika ni haya, katika kifungu cha 40: tajiri akitaka kupunguza watu, sharti akiarifu chama na ofisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiasi cha watu, sharti achague kwa haki, akitazama miaka ya kazi, ujuzi na mwenendo, na sharti amlipe kila aachishwaye mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Hayo ni mazuri, lakini ni sheria ya kuagana. Haisemi lolote juu ya kuhama pamoja na kiwanda. Mwenye mali mpya aweza kusema: "Mimi sikuwaajiri ninyi, nilinunua mitambo." Na mwenye mali wa zamani atasema: "Mimi sina mitambo tena, nitawalipa kwa nini?" Katikati ya maneno hayo mawili ndipo maelfu ya watu hupotea.

Pengo hilo laweza kuzibwa bila kungoja Bunge. Mapatano ya pamoja kati ya chama na tajiri, yakiisha kuandikishwa mahakamani, yana nguvu ya sheria juu ya waliotia sahihi. Basi tulichokosa si haki ya kuandika. Tumekosa kuandika.

TUNATAKA HAYA

Moja. Kila mapatano mapya yawe na kifungu kisemacho kwamba kiwanda, shamba au gereji ikiuzwa, ikikodishwa au ikiunganishwa, kazi za watu, miaka yao ya utumishi na madai yao yote yatamfuata mwenye mali mpya, na kwamba tajiri wa sasa hatatia sahihi na mnunuzi yeyote asiyekubali hayo kwa maandishi.

Mbili. Mishahara ya nyuma na akiba ya uzeeni iliyokatwa lakini haikupelekwa ilipwe kabla funguo hazijapokewa. Ahadi ya kulipa "hatua kwa hatua" baada ya sahihi tusiikubali. Watu wa Longbridge waliahidiwa mfuko, nao mliona ulichozaa.

Tatu. Chama kionyeshwe hesabu. Ikiwa kiwanda kimethaminiwa, tuambiwe kimethaminiwa kiasi gani, na nani, na bei iliyotolewa ni ipi. Kitu cha pauni milioni 800 kinapouzwa baada ya miaka sita kwa pauni 10, kuna mtu aliyejua jambo ambalo wafanyakazi hawakuambiwa.

Nne. Kila mwanachama atunze karatasi zake. Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, rekodi ya NSSF, barua ya kupandishwa cheo: zitiwe katika bahasha moja na kuwekwa mahali pasipovuja. Kibarua wa msimu naye aandike tarehe zake na jina la msimamizi. Siku ya mabadiliko wakubwa watakuwa na mawakili. Wewe utakuwa na bahasha hiyo.

Tano. Wakulima wa miwa ni wenzetu katika jambo hili. Mkulima anayedai fedha za miwa na mkataji anayedai mshahara wana mdaiwa mmoja. Mnunuzi akija na kusema na kila mmoja mbali mbali, atampa huyu ahadi na yule vitisho. Tuketi pamoja kabla hajaja.

Tajiri husema kwamba kiwanda ni chake kwa sababu ana hati. Sawa, hati ni kitu kikubwa, nasi twaiheshimu. Kwa sababu hiyo hiyo twataka ya kwetu. Watu wa Abingdon walikuwa na ujuzi, walikuwa na utulivu, walikuwa na majivuno ya kazi yao hata dunia nzima ikawapenda kwa kitu walichokitengeneza. Walikosa ukurasa mmoja wenye sahihi. Hata vyombo vya kupigia mabati ya MGB vilihifadhiwa vizuri kuliko wao, kwani tangu 1988 vimetumiwa tena kutoa mabodi mapya kwa ajili ya wapenzi wa motokaa za zamani.

Kila tawi na liweke kifungu cha kwanza juu ya meza katika mkutano wake ujao. Kisomwe kwa sauti, kijadiliwe kwa Kiswahili na kwa Kibukusu mpaka kila mtu akielewe, kisha kipelekwe kwa tajiri kabla hajapata mnunuzi. Akishapata mnunuzi, tumechelewa.

Umoja ni nguvu. Na umoja wenye sahihi una nguvu zaidi.